Koo la Farasi wa Shemeji

Siku hiyo mjinga alikuwa Breki. Hilo halina ubishi, na yeye mwenyewe hulikiri kwa kicheko anapokaa na wenzake pale wanapopumzishia magari ya farasi. Anachobishia mpaka leo ni ujinga huo ulianza lini: asubuhi ile alipomfungulia daktari wa mifugo lango akiwa amevaa shati la kwendea harusini, kama mtu anayekwenda kushinda kesi, au muda mrefu kabla ya hapo.

Jina la Breki alibandikwa na wapakiaji wa kiwanda cha matofali, kwa sababu gari lake halikuwa nayo. Lilikuwa gari la magurudumu mawili la kuvutwa na farasi, na likiteremka mlima watu waliingia madukani bila nia ya kununua kitu. Alikuwa na mdomo mwepesi na roho nzuri, ila maisha yalikuwa yamemchapa akachapika. Mtu aliyechapwa sana hutazama kwa wasiwasi kila mkono unaoinuliwa, hata ule unaotaka kumpungia tu.

Kipigo cha mwisho kilikuwa cha mnyororo. Siku moja pale kiwandani mnyororo wa kufungia mzigo ulikaza ghafla ukaunasa mkono wake wa kulia, na ulipoachia ulikuwa umeondoka na kidole cha mwisho pamoja na kidole jirani yake. Breki alirudi kazini kidonda kikiwa bado kinavuja. Alijifunza upya kufunga vifungo, kushika hatamu, kukata ndevu, na hakumruhusu mtu amsaidie hata kufungua kopo. Nyumbani ikawa sheria isiyotangazwa kwamba mkono ule hauzungumzwi. Mtoto wao mdogo aliwahi kuanza kuhesabu vidole vya wote waliokaa mezani. Alipofika kwa baba yake akashangaa, akarudia tena. Breki alibeba sahani yake akaenda kumalizia chakula bandani. Tangu hapo hesabu katika nyumba ile ilifanywa kwa vijiti.

Haikupita muda jike lake la zamani la kuvuta gari likafa kwa uzee. Kaka wa mkewe, aliyekuwa akifuga farasi nje ya mji, akawapa dume la kahawia, changa, lenye kifua kama kabati. Wao wakampa ng'ombe wa maziwa. Tuseme kweli: ng'ombe alikuwa wa mke, na mke ndiye aliyesema, haya, mpeleke, gari likisimama sote tutasimama.

Sasa farasi huyo alikuwa anavuma.

* * *

Alianza polepole. Tambarare alikwenda vizuri, masikio mbele, mkia ukicheza. Lakini gari likipakiwa matofali na kuanza kupanda mlima wa kutokea kiwandani, sauti ilianza kumtoka shingoni, kwanza kama mtu anayevuta chai ya moto, kisha kama mlango mbovu unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watu. Akifika juu na kusimama, kimya. Akiteremka, kimya. Ni pale tu alipoegemeza kifua na kuvuta ndipo koo lilipopiga kelele.

Wapakiaji waliipenda sauti hiyo. Mmoja aliuliza kama Breki ameamua kununua honi kwanza, breki baadaye. Mwingine alivua kofia kila gari lilipopita, akasema ni heshima kwa marehemu. Breki alicheka nao, maana mchekeshaji akichekwa hana pa kukimbilia, lakini alishuka kwenye gari akatembea kando ya farasi akiwa amekaza meno.

Msimamizi wa kiwanda hakucheka. Alimwita pembeni, akamwambia kwa upole unaoumiza kuliko matusi kwamba wanunuzi wanalalamika. Hawataki kupokea matofali yaliyoletwa na mnyama anayekufa mbele ya watoto wao. Barabara ile ya mlimani angempa mwenye gari mwingine, kama Breki hataleta neno la daktari kwamba farasi ni mzima.

"Ni mzima, bosi," Breki alisema. "Ana mafua kidogo."

"Mafua ya kupanda mlima tu?" msimamizi akauliza, akaondoka.

* * *

Aliyemtia Breki maneno kichwani alikuwa jirani yake, dereva wa zamani wa magari ya farasi aliyestaafu kazi asistaafu kuisemea. Alikuja bandani siku hiyo hiyo, akakunja ngumi akaipitisha chini ya kidevu cha farasi, katikati ya mifupa ya taya. Ngumi ilipita kwa raha. Akaguna. Taya ni pana, akasema, kwa hiyo mlango wa koo una nafasi. Ubovu uko ndani.

Akaeleza, kwa raha ya mtu anayesimulia msiba wa mwenzake. Farasi hapumui kwa mdomo kama mbwa au binadamu. Pumzi yake yote hupita puani, ikaingia kwenye koromeo, na koromeo lina vilango viwili, cha kushoto na cha kulia. Kuna farasi ambao cha kushoto hulegea kikafa, kikaning'inia njiani kama pazia. Akivuta pumzi kwa nguvu, pazia linapigwa na upepo, ndiyo hiyo sauti. Hakuna dawa. Wenye uwezo humtoboa shingo wakamwekea kibomba cha chuma apumulie hapo.

"Na asiye na uwezo?"

"Asiye na uwezo anamuuza kwa shemeji yake," jirani akasema, akatazama dari.

Breki hakulala vizuri usiku ule baada ya maneno hayo. Alikumbuka jinsi shemeji alivyokubali ng'ombe bila hata kumkagua meno. Alikumbuka kwamba siku ya kubadilishana, farasi alikuja akiongozwa kwa kamba, taratibu, hakukimbizwa. Alikumbuka kwamba shemeji alicheka sana siku hiyo, na mtu hachekicheki hivyo bila sababu. Kila jambo alilolikumbuka lilikaa mahali pake kama tofali.

Kisha akaanza kumkumbuka mkewe. Yeye ndiye aliyesema, mpeleke ng'ombe. Kwa nini alikubali upesi vile? Ng'ombe aliyemlea tangu ndama, aliyempigia soga kuliko alivyompigia mumewe?

Asubuhi iliyofuata aliamka akakuta upande wa pili wa kitanda mtupu. Akatoka kwa kunyata hadi dirisha la banda. Mkewe alikuwa amechuchumaa mbele ya farasi, kopo la bati pajani, akichota kitu kwa vidole na kumpaka mnyama chini ya shingo, pale shingo inapoingia kifuani. Alikuwa anamsemesha kwa sauti ndogo. Farasi alikuwa ameshusha kichwa, midomo ikichezacheza kwenye kilemba chake.

"Unampaka nini?"

Mke aliruka, kopo likaanguka. "Mafuta tu, baba watoto. Pamechubuka hapa."

"Pamechubuka na nini?"

Mke alitazama kola iliyotundikwa ukutani, ile pete nene ya ngozi iliyoshindiliwa majani makavu, ambayo farasi huvaa shingoni na kuvutia mzigo wote. Akamtazama mumewe. Macho yake yakashuka kidogo, yakatua mahali fulani kwenye mfuko wa suruali ya Breki ambamo mkono wa kulia ulikuwa umejificha, yakapanda tena haraka.

"Labda kola," akasema. "Labda inambana kidogo."

"Kola nimeipima mwenyewe."

"Najua."

"Basi kama unajua, labda ya nini?"

Mke aliinama. Aliokota kopo, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akaenda kuwasha moto. Breki alibaki akiinusa ile sehemu iliyopakwa. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya mgando, basi. Lakini dawa za kuficha ugonjwa, alijiambia, haziwezi kunuka dawa. Zingenuka dawa zingeficha nini?

* * *

Kuhusu kola, habari ilikuwa hivi. Ilikuwa ya lile jike marehemu. Dume la kahawia lilipokuja, Breki alimvika, akapima kama wapimavyo watu wote wa kazi ile: unaingiza vidole vya mkono chini kabisa ya kola, vikiwa vimebebana kimoja juu ya kingine, kati ya ngozi na koo la mnyama. Vikiingia vyote na kukaa bila kubanwa, kola ni saizi yake. Vikicheza, ni kubwa, itamchubua mabega. Mkono wake ulicheza. Akaipeleka kwa fundi wa ngozi, akataka ipunguzwe.

Fundi alikuja mwenyewe kumtazama farasi. Akaingiza mkono wake, akasema kola iko sawa, iachwe. Breki akamwambia mkono wake ni mnene kama mkate, haufai kupimia hata gunia. Akaingiza wa kwake kumwonyesha jinsi unavyocheza. Fundi alitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Utamnyonga, ndugu yangu." Breki alidhani anakwepa kazi. Akamsimamia mpaka kola ikafumuliwa, ikapunguzwa, ikashonwa upya, na mkono wake ukaingia ukakaa kama umepimiwa na malaika.

Hayo yalikuwa yamepita na Breki hakuyafikiria tena, mpaka mchana wa siku ile ya kopo, alipopita mtaa wa mafundi akamwona mkewe amesimama mlangoni kwa fundi wa ngozi. Walikuwa wanaongea wameinamiana. Fundi alikuwa anatikisa kichwa, anainua mikono kama mtu anayesema mimi simo. Walipomwona, mke aliaga akaondoka kwa njia ya nyuma, na fundi akaanza kupiga nyundo kwenye ngozi ambayo haikuwa na msumari.

"Mnaongea nini na mke wangu?" Breki akauliza akitabasamu, maana siku zote aliuliza mabaya akitabasamu.

Fundi akasema ni habari za viatu vya mtoto.

"Mtoto hana viatu."

"Ndiyo hizo habari zenyewe," fundi akasema, akaendelea kugonga.

Basi. Shemeji, mke, na sasa fundi. Breki alirudi nyumbani akiwa amewapanga wote kwenye gari moja. Usiku huo alisema mbele ya mkewe, na jirani akiwa amesimama ukutani akisikiliza bila kujificha, kwamba ataita daktari wa mifugo na atamwita shemeji awepo. Daktari akisema koo bovu, farasi anarudi alikotoka na ng'ombe anarudi hapa.

"Na kama ulijua, mama," alisema, "utamshika kamba wewe mwenyewe mpaka kwenu. Na ukifika, usiwe na haraka ya kurudi."

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Alikunja shati la mumewe, akalikunjua, akalikunja tena. "Ng'ombe alikuwa wangu," akasema. Hilo tu.

* * *

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, aliyefika kwa pikipiki na mfuko mzito mgongoni. Breki alimpenda mpaka pale daktari alipomwona shemeji amekaa kwenye benchi.

"Mzee wa farasi," daktari akasema akinyoosha mkono. "Habari za siku? Yule jike alizaa salama?"

"Salama, daktari. Mapacha hawakuwemo kumbe, ulikuwa wasiwasi wangu tu."

Wakacheka. Breki hakucheka. Kumbe wanajuana. Alitazama mkono wa daktari kwenye mkono wa shemeji, akatafuta kama kuna kitu kinachopita kati yao. Hakikupita kitu, lakini watu wa namna hiyo, aliwaza, hawapitishi mchana.

Shemeji alimsalimia Breki kwa furaha, akamuuliza hali ya nyumbani, akampa mtoto machungwa mawili. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, na hakujua bado kwamba ameitwa kwenye kesi. Breki alipomweleza, kwa maneno ya mzunguko yaliyozidi kunyooka kadiri alivyoongea, sura ya shemeji ilibadilika polepole.

"Yaani mimi nimpe dada yangu farasi mbovu?"

"Sijasema hivyo, shemeji. Nasema daktari atazame."

"Umesema hivyo kwa kunizungusha njia ndefu," shemeji akasema. "Haya. Atazame."

Daktari alianza kazi bila kuwajali. Alimsikiliza farasi mapafu. Alishika koo lake kwa vidole, juu, nyuma ya taya, akalifinya. Farasi akakohoa kikohozi kimoja kikavu, akapiga chafya, basi. Daktari akasema vizuri. Kisha akateremsha vidole polepole mbele ya shingo, akifuata bomba la pumzi kama mtu anayehesabu shanga gizani. Mtoto alisogea kutazama, na daktari akamshika mkono akaugusisha pale.

"Unasikia vipingilipingili? Hizo ni pete za gegedu, kitu kigumu kama sikio lako. Zimepangana kuanzia kooni mpaka kifuani. Zinashikilia bomba wazi ili hewa ipite. Ila si pete kamili. Ni kama bangili iliyokatwa. Kwa nyuma imefungwa na nyama laini. Ndiyo maana bomba linaweza kubonyea."

Alitoa kwenye mfuko kipimo cha chuma chenye miguu miwili kama bikari, akalikumbatia bomba kwa miguu hiyo juu ya shingo, katikati, na chini, kila mara akitazama mistari ya kipimo na kuguna. Akasema huyu farasi ana bomba pana na la duara, zuri kuliko mengi aliyoyashika, na upana wake haupungui popote. Shemeji alijikohoza kwa fahari kana kwamba bomba ni la kwake.

Breki aliuliza kuhusu vilango vya koromeo, kile cha kushoto, akitumia maneno ya jirani. Jirani mwenyewe alikuwa juu ya ukuta, akaitikia kwa kichwa. Daktari akasema swali zuri. Akatoa mpira mwembamba wenye kamera ndogo kwenye ncha, akaupaka ute, akauingiza taratibu puani mwa farasi, huku shemeji amemshika mdomo wa juu na kumnong'oneza. Kwenye kioo kidogo walichokuwa wakikiinamia wote, likaonekana pango la rangi ya waridi, na mlangoni pake mabawa mawili meupe. Daktari akaziba pua za farasi kidogo, akaziachia. Mabawa yakafunguka yote mawili, sawasawa, kama mlango wa duka asubuhi.

"La kushoto linafanya kazi, la kulia linafanya kazi," daktari akasema. "Koo hili ni zima."

Farasi akakimbizwa kwa kamba uani, mara ya kwanza, ya pili, mpaka akatoka jasho. Hakutoa hata mluzi. Pumzi zake zilikuwa kama za mtu mwenye afya anayesimulia habari njema.

Mtu mwingine hapo angefurahi. Breki alihisi kamba inakazwa. Daktari aliyeletwa na yeye mwenyewe, anayejuana na shemeji, farasi aliyepakwa mafuta na mke, halafu koo linyamaze siku hiyo hiyo? Aliuliza kwa tabasamu kama wanyama wanaweza kupewa kitu asubuhi ili koo litulie hadi jioni.

Daktari alikunja mpira wake. "Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu."

"Ananishuku mimi," shemeji akasema. "Na dada yangu. Na wewe pia, daktari, nadhani, tangu uliponisalimia."

Daktari hakukasirika, labda alikwisha kuitwa majumbani mengi. Aliinama tena mbele ya farasi, akapapasa chini ya shingo. Hapa nywele zimelika, akasema, na ngozi imepona juu ya donda. Breki akasema upesi kwamba hiyo ni ya kamba za huko alikotoka. Shemeji akasema kwake farasi hawafungwi kamba shingoni. Wakaanza kupandishiana.

"Mfungeni gari," daktari akasema. "Nataka kumwona akivuta."

* * *

Wakamvika kola, wakamfunga, wakapakia mawe yaliyokuwa uani pamoja na jirani, aliyeshuka ukutani na kujipakia mwenyewe ili asikose kitu. Wakatoka hadi kwenye mwinuko wa nyuma ya nyumba. Mke alifuata kwa mbali, mikono ikiwa ndani ya kanga.

Farasi aliegemea mzigo. Kola ikapanda, ikajikandamiza shingoni, na ile sauti ikaja, mlango mbovu ukafunguliwa mbele ya kila mtu.

"Hiyo!" Breki akasema, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Hiyo hapo. Mmesikia?"

"Nimesikia," daktari akasema. "Msimamishe. Rudi nyuma hatua moja, umlegezee."

Mzigo ukalegea. Sauti ikakatika. Daktari alimfanyia farasi hivyo tena, mbele, nyuma, mbele, nyuma, sauti ikija na kwenda kama redio inayowashwa na kuzimwa. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi akachungulia chini ya kola.

"Kola hii aliipima nani?"

"Mimi," Breki akasema.

"Inambana. Akisimama haionekani sana, lakini akivuta, sehemu hii ya chini inakaa moja kwa moja juu ya bomba la pumzi. Pete zinabonyea, nyama ya nyuma inaingia ndani, njia ya hewa inabaki kama ufa. Farasi hana ugonjwa wowote. Ananyongwa."

Shemeji alipiga makofi mara moja, makubwa, akageuka akatazama angani. Jirani alianza kushuka kwenye gari kimyakimya.

Hapo ndipo Breki alipotoa yote. Alisema ameliona hilo tangu mwanzo, kwamba litazungushwa mpaka limwangukie yeye. Alisema shemeji alimtafuta daktari kabla, kwamba fundi aliiharibu ngozi makusudi ili auze nyingine, na kwamba mkewe, ndiyo, mkewe, alikuwa akiamka alfajiri kumpaka farasi mafuta na kwenda kunong'ona mitaani, halafu akiulizwa anasema labda, labda. Alisema farasi arudi leo hii. Na aliyemleta arudi naye. Alisema hayo bila tabasamu, na mtoto akajificha nyuma ya gurudumu.

Mke alitoka pale aliposimama. Alipita katikati ya kaka yake na daktari, akafika mbele ya farasi, akamshika pua kumtuliza. Akatoa mkono wa kulia ndani ya kanga, akabebanisha vidole vinne kimoja juu ya kingine, akaviingiza chini ya kola kama alivyomwona mumewe akifanya miaka yote. Cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu kikagota kwenye ngozi, kikakataa. Hakukilazimisha. Aliuacha mkono pale pale, wote wauone, huku akimtazama Breki usoni, si kwenye mfuko.

"Mkono wako umevimba kwa kufua," Breki akasema. "Toa. Toa niwaonyeshe."

Akamsukuma kando, si kwa nguvu, akachomoa mkono wake mfukoni na kuuingiza. Uliingia vizuri, bila kubanwa, ukakaa. Akaugeuza mle ndani, akawatazama mmoja mmoja, daktari, shemeji, jirani, kisha akamalizia kwa mkewe.

"Mnaona? Hakuna kinachobana hapa. Mkono umepita. Mkono mzima."

Mkewe akamfunika bega kwa pindo la kanga yake, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

"Mzima wa nani, baba watoto?"